Siku Ndege Yetu Iliporudi Bila Mama Angelika

Vijana wangu wa Kabondo, kila wiki mmoja wenu anakuja hapa kwangu na simu mkononi. Ananionyesha video ya mtu fulani wa nchi za mbali aliyejitengenezea ndege nyuma ya nyumba yake, halafu ananiuliza: "Papa Gaston, na siye tunaweza?" Ndiyo, mnaweza. Miye niliweza. Lakini kabla ya kuniuliza habari za mbao na moteur, yaani injini, niulizeni kwanza habari za mke, kwa sababu ndege ya kutengenezea nyumbani inakaa nyumbani, na nyumba ina mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa ufundi wa ndege. Si zile kubwa zinazotua Bangoka. Ndogo, zile zinazopeleka chumvi, sabuni, dawa, na mara nyingine mbuzi, mahali ambapo barabara imegeuka kuwa msitu. Mwalimu wangu alikuwa mzee Bolamu, mtu mfupi, mkimya, mwenye vidole vinene vilivyoingia pale ambapo vyangu vyembamba vilikwama. Hakuwahi kuniambia kwamba nimekosea. Alikuwa na njia zake.

Nitawapa mfano. Nilipokuwa mgeni katika kazi, niligundua kwamba moteur ya ndege ikishajaribiwa asubuhi inabaki moto muda mrefu, na kwanga yangu, ule mkate wa mihogo, na samaki wangu wanapenda joto. Basi nikawa naviweka pale juu ya silinda, vimefungwa vizuri ndani ya majani, na mchana chakula kiko tayari. Siku moja pilote akaja kuichukua ndege mapema. Akaruka. Baada ya muda mfupi akarudi mbio, ametoka jasho, anapiga kelele kwamba kuna moto. Mzee Bolamu akafungua kifuniko, akanusa. "Si moto," akasema. "Ni kwanga na samaki." Akakitoa kile kifurushi, akakaa kwenye kivuli cha bawa, akakila chote mbele yangu, polepole, na kulamba vidole. Kisha akaniambia niikague ndege nzima upya, skrubu moja moja, na tumbo langu likiwa tupu. Tangu siku ile sijaacha kitu ndani ya ndege, hata kitambaa cha kufutia mikono.

Kuruka nilijifunza kwa mapilote wenyewe. Tukienda mbali kutengeneza ndege iliyokwama, wakati wa kurudi waliniachia usukani, wao wakala karanga. Karibu na kustaafu nikafanya mtihani, nikapata leseni. Sasa nikawa fundi mwenye ruhusa ya kuruka na asiye na ndege, na hicho ni kichaa ambacho hakina dawa isipokuwa moja.

Plani, yaani michoro, niliiagiza Ulaya: ndege ya watu wawili, ya mbao na kitambaa, yenye moteur iliyotolewa kwenye gari dogo. Kwa mbao nikamwendea rafiki yangu Salumu. Salumu ni mtu wa zile familia za Waislamu zilizokaa hapa tangu zamani za biashara, na kazi yake ni kujenga baleinière, zile mashua kubwa za mbao mnazoziona zikipanda na kushuka mto zimejaa watu na magunia. Nikamtandikia plani mezani. Akaiangalia muda mrefu.

"Gaston, hii mbao iko nyembamba sana. Hata kuku haiwezi kulala juu yake."

"Si ya kuku."

"Na maji ikiingia?"

"Salumu, iko naenda mu hewa. Mu hewa hakuna maji."

"Na mvua?"

Hapo alinikamata. Lakini alikubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe hatapanda kamwe. Shida ya Salumu ni kwamba kila kitu alichokijenga maishani mwake kilipaswa kubeba magunia na kuzuia maji. Asubuhi alikuwa anaongeza kipande cha mbao, "kidogo tu, kwa nguvu", na jioni akiisha kwenda nyumbani nilikuwa nakitoa. Tuliishi hivyo bila ugomvi karibu ujenzi wote. Shikeni hili: ndege haijengwi kwa kuongeza. Inajengwa kwa kutoa, na kumshawishi rafiki yako kwamba hukutoa.

Sasa, mabawa. Mabawa hayapendi unyevu, na Kisangani inanyesha inapotaka. Mahali pakavu palikuwa salon yetu. Salon ilikuwa fupi kuliko bawa, kwa hiyo bawa likapita mlangoni likaingia chumba cha kulala. Mke wangu, Mama Angelika, binti wa wavuvi wa Yanonge, mwanamke ambaye hasemi maneno mawili kama moja linaumiza vya kutosha, alilala miezi mingi na ncha ya bawa juu ya kichwa chake. Aliitundikia chandarua. Wageni wakiuliza, anasema: "Gaston ameoa bibi wa pili. Yule pale. Haongei, hapiki, lakini Gaston anamupenda."

Halafu ikafika kazi ya kitambaa. Kitambaa cha bawa kinagundishwa kwenye mbao kikiwa kimelegea, kisha kinapigwa pasi ili kijikaze kama ngozi ya ngoma. Pasi ikiwa baridi, kitambaa hakijikazi. Ikiwa moto kupita kiasi, kinayeyuka. Plani ilitaka pasi ya umeme yenye kipimo. Umeme! Nilikuwa nimeshaharibu kipande kimoja kwa pasi ya makaa wakati Mama Angelika alipokuja kusimama mlangoni.

"Leta hapa," akasema. "Unaunguza pesa."

Alitemea pasi mate kidogo, akasikiliza namna yanavyolia, akapunguza kaa moja, akatemea tena. Kisha akaanza. Alipiga pasi mabawa yote mawili na mkia kama anavyopiga nguo za Jumapili, na huku anaimba. Kitambaa kilikazika mpaka ukikigonga kwa kidole kinajibu. Nadhani ni siku ile aliacha kuiita ndege bibi wa pili. Akaanza kusema "ndeke yetu", hasa mbele ya watu.

Mabawa tuliyapeleka uwanjani kwa toleka, baiskeli mbili za teksi, bawa limefungwa katikati kama mgonjwa. Kwenye kila njia panda walitusimamisha.

"Hii iko mulango ya kanisa?"

"Hapana. Ni bawa."

"Bawa ya malaika?"

Uwanja wenyewe ulikuwa ule wa shamba moja la zamani, kando ya barabara ya zamani ya Buta, kabla ya kufika Masako. Shamba lilikufa, uwanja ukabaki, na Mama Lofemba akawa anaanika mihogo yake juu yake. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa uwanja kweli kweli. Bila yeye kukunja mikeka, hakuna kuruka. Siku ya kwanza nilipowasha moteur, upepo wa elisi, yaani lile panga la mbele linalozunguka, ulipeleka mihogo yake porini. Alinifuata na mwiko. Siku ya pili aliiwekea mawe, akaona upepo unaikausha haraka na kufukuza nzi. Kuanzia hapo akawa ananituma nije kuipasha moteur moto hata siku ambazo sikutaka kuruka.

Kibali tulipata, majaribio nilifanya peke yangu wiki nyingi, na ndege ikaruka vizuri. Iliruka vizuri mpaka mke wangu akasema anataka kupanda.

"Unataka kwenda wapi?" nikamuuliza.

"Yanonge. Sishuki. Napita tu juu ya nyumba ya Véronique."

Véronique ni dada yake mkubwa. Siku ya harusi yetu alisema mbele ya watu kwamba Angelika angeweza kupata mume mwenye duka. Mke wangu alikuwa ameyatunza maneno yale muda wote huo, hayajapata hata kutu. Akamtumia dada yake habari: Jumamosi, saa za asubuhi, utoke nje, utazame juu, na uwaite majirani.

Bon. Jumamosi ile kosa langu halikuwa la ufundi. Lilikuwa la kualika watu. Niliikagua ndege asubuhi mapema, kama alivyonifundisha mzee Bolamu. Nilimwaga petroli kidogo kwenye chupa nikaiangalia dhidi ya jua, kama kuna maji. Nikavuta kila waya. Nikatoa vizibo vyote vyenye utepe mwekundu vinavyofunika matundu. Ndege ilikuwa tayari. Ndipo chef wa mtaa akaomba kusema maneno mawili.

Alisema maneno mawili mara elfu. Baada yake mwakilishi wa watu wa toleka, ambao walitaka ijulikane kwamba mabawa yale yaliendeshwa na baiskeli kwanza. Kisha mchungaji wetu, aliyeanza na safina na akawa anashuka polepole kuja kwenye zama zetu. Jua lilipanda. Mama Lofemba akalala juu ya mikeka yake. Katika uwanja mzima alikuwepo mmoja tu aliyekuwa akifanya kazi, nami sikumwona.

Hatimaye tukaruka. Mama Angelika alivaa kitenge kipya, na magotini ana mfuko wa mikate, kwa sababu alipanga kumdondoshea dada yake mkate toka juu. Tukapita juu ya mto Tshopo, juu ya mji, watu wanatupungia, kisha tukaushika mto mkubwa na kuufuata chini. Alikuwa anapiga filamu kila kitu na simu yake: mto, visiwa, sikio langu. Sijawahi kumwona amefurahi vile. Yanonge ilikuwa bado mbele kidogo wakati moteur ilipokohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikanyamaza, panga likasimama wima mbele yetu.

"Gaston, mbona iko kimya?"

"Moteur imezimika."

"Washa."

"Niko najaribu."

"Jaribu muzuri."

Haikuwaka. Sasa, vijana, ndege ikizimika moteur haianguki kama nazi. Inashuka taratibu, na kazi yako ni kuchagua mahali kabla mahali hapajakuchagua. Kulia msitu, kushoto msitu, katikati maji. Lakini ulikuwa mwisho wa kiangazi, na mtoni kulikuwa bado na visiwa vya mchanga vimetoka nje. Nikaanza kutafuta kimoja chenye mchanga mgumu.

"Kule!" akasema Mama Angelika. "Kule kuko moshi. Bako napika."

"Mama, natafuta mahali pa ngumu. Sitafuti chakula."

"Batu bako nasimama pale. Unaona banazama?"

Nikageuza kuelekea kwenye moshi. Tulishuka juu ya mchanga, tukaruka kidogo, tukashuka tena, tukasimama mbele ya kikaango cha samaki. Wavuvi wote walikuwa wamekwisha kuingia majini mpaka shingoni. Mama Angelika akafungua mlango, akashuka, akanyoosha kitenge, na kuwasalimu kwa lugha yao. Mzee wa kambi, Papa Lisimo, alitoka majini wa kwanza. Alitaka kujua kama tumeleta sabuni.

Nikaitafuta sababu. Petroli ipo, cheche ipo. Nikafungua kifuniko cha tanki, na tanki likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua. Nikajua. Kwenye kifuniko kuna kijibomba cha kupitisha hewa. Hewa isipoingia, petroli haitoki. Nikakichungulia. Kimejaa udongo, laini, umepigwa vizuri kama ukuta wa nyumba. Nyigu! Wakati chef anasema, wakati mchungaji yuko bado na safina, nyigu mmoja alikuwa anabeba tope, anajenga, anarudi, anajenga. Mzee Bolamu alikuwa akisema kwamba kila tundu la ndege ni nyumba ya kupangisha. Donc mnisikilize: ukaguzi unafanywa mwisho, baada ya hotuba zote. Na kama kuna mchungaji, fanyeni mara mbili.

Nilikitoa kile kijumba kwa unyasi, moteur ikawaka mara moja. Lakini kisiwa kilikuwa kifupi na mchanga wake unavuta. Kwa watu wawili isingewezekana. Papa Lisimo akanionyesha mti aliouchomeka asubuhi pembeni ya mchanga: sasa ulikuwa ndani ya maji. "Mvua imenyesha kule juu," akasema. "Siye tunahama. Hapa itakuwa fleuve, maji tupu."

Mama Angelika alikuwa amekwisha kukaa, anakula samaki pamoja na mkate wa Véronique.

"Donc mumoja anabaki," akasema.

"Ndiyo."

"Na miye siwezi kuendesha."

"Hapana."

"Bon. Peleka ndeke yetu. Hawa bananipandisha mu baleinière ya Basoko, iko napita kwenda Kisangani. Uende mbele ya maji kupanda."

Sikutaka. Tulibishana, nikashindwa kama kawaida. Tukatoa siti yake, tukatoa mlango wa upande wake, ili ndege iwe nyepesi. Wavuvi wakatandika mikeka yao ya kukaushia samaki juu ya mchanga laini, wanaume wakaushika mkia wakati natia moto wote, kisha nikapiga kelele, wakaachia. Magurudumu yaligusa maji, nadhani. Niligeuza kichwa mara moja nikamwona amesimama, kitenge kinapepea, halafu nikalazimika kutazama mbele.

Nilitua nikiwa na furaha. Watu walikuwa bado uwanjani, wamepata kinywaji. Walikuja wakikimbia, kisha mbio zikapungua, kisha wakasimama.

"Mama iko wapi?" mchungaji akauliza.

"Iko salama. Nilimuacha mu mutoni."

Najua sasa kwamba sentensi hiyo ilikuwa mbaya. Mchungaji akavua kofia. Salumu, ambaye alinipenda na kwa hiyo alianza kuchunguza, akachungulia ndani.

"Gaston," akasema polepole, "siti yake haiko. Na mulango haiko."

"Ndiyo, tulizitoa."

"Mulizitoa mu hewa?"

"Mu muchanga! Amekaa pale na wavuvi, anakula samaki."

Watu wakatazamana. Mama Lofemba akaanza kulia. Nikasikia mtu nyuma anamwambia mwenzake: "Mumuache. Choc ya kufiwa inafanya vile. Hata tonton yangu, kaka ya mama, bibi yake alipokufa, alisema ameenda sokoni." Nilivyozidi kueleza, ndivyo walivyozidi kunihurumia. Nilipiga simu yake: kimya, chaji ilikwisha kwenye sikio langu. Na kule kisiwani network yenyewe hakuna.

Jumapili, habari zikiwa zimemfikia, Véronique aliingia kwa moto, ile pikipiki, toka Yanonge. Alikuwa amesimama nje Jumamosi yote na majirani wake, shingo imekakamaa, na hakuna kilichopita. Alikuja na wanawake wa familia, wote wamefunga viuno, na wakaangukia uani kwetu nyumbani.

"Gaston! Dada yangu iko wapi?"

"Véronique, tulia. Anakula samaki."

"Samaki ndiyo bako namukula yeye!"

Kufikia mchana matanga yalikuwa yamesimama. Turubai, viti vya kukodisha, sufuria za lituma, zile ndizi za kupondwa, picha ya mke wangu kwenye meza yenye maua. Shemeji yangu, kaka yao Angelika na Véronique, alikwenda uwanjani akafungua elisi ya ndege, akawa anatembea nayo kwapani kila alikokwenda, hata chooni, ili nisitoroke. Nikiwaambia watu asanteni lakini hajafa, wananishika bega na kusema, "Ndiyo, papa, mu roho zetu hajafa." Sikuruhusiwa kutoka kwenye parcelle, yaani kiwanja cha nyumba yetu. Kwa hiyo Salumu, ambaye peke yake alikuwa ameanza kuniamini nusu, akachukua mtumbwi wenye moteur akashuka mto kumtafuta.

Jumatatu asubuhi akanipigia simu toka Yanonge. Sauti yake haikuwa sauti yake.

"Gaston. Kisanga, ile kisiwa ya muchanga, haiko."

"Namna gani haiko?"

"Maji imepanda. Nimepita pale, iko fleuve tu. Hakuna kambi, hakuna mutu. Nimepata mulango ya ndeke mu majani, chini kidogo. Hiyo tu."

Mpaka pale, vijana, nilikuwa nacheka ndani ya roho. Nilikuwa nangojea tu kuwaona watakavyoaibika. Sasa nikaiona mikeka juu ya mchanga, na ule mti ndani ya maji. Nikafikiri: baleinière ya Basoko inapita inapotaka, na mara nyingine haipiti. Nikafikiri kwamba niliokoa mbao na kitambaa, na nikamwacha mtu. Nikaenda kukaa kwenye kile kiti cha mbele, cha mfiwa, ambacho nilikuwa nimekikataa tangu jana. Véronique akaniona. Alikuja akakaa chini karibu na miguu yangu, na kwa mara ya kwanza tulilia pamoja, mimi na yule mwanamke.

Tulikuwa bado vile, baada ya chakula cha mchana, wakati kelele zilipoanza barabarani. Nilidhani ni jamaa wengine wanaingia. Ilikuwa toleka. Mwenye baiskeli anasukuma kwa shida, ulimi nje, na nyuma yake, juu ya siti ya ndege iliyofungwa kwa kamba kwenye kiti cha abiria, amekaa Mama Angelika, mkanda wa siti umefungwa kiunoni, kapu la samaki wa kukausha magotini. Akamwuliza jirani pale mlangoni: "Nani amekufa?" Jirani akakimbia, hajajibu.

Akafungua mkanda, akashuka, akaingia. Watu waliokuwa wanalia waliendelea kulia kidogo, kwa sababu kilio hakina breki. Akatazama turubai, akatazama sufuria, akafika mbele ya meza.

"Hii foto," akasema, "nani aliichagua?"

Ilikuwa ni ile ya kadi ya uchaguzi.

Véronique alianguka, akamwagiwa maji, akaamka, akamkumbatia, akamtukana, akamkumbatia tena. Mama Angelika alimngoja amalize.

"Véronique, Jumamosi uliniona mu hewa?"

"Nitakuona namna gani? Mulianguka mbele ya kufika!"

"Bon. Donc tutarudia."

Chakula kilikuwa kimepikwa, basi kikaliwa. Mchungaji akasema maneno ya shukrani, mafupi. Nadhani alikuwa ameanza kusikia mambo ya nyigu. Salumu alifika mwishoni na mlango wa ndege begani, akamwona mke wangu anakula lituma, akauweka mlango chini, akaketi juu yake, akacheka mpaka akapigwa mgongoni. Walikuwa wamepishana mtoni: yeye alishuka upande mmoja wa kisiwa kikubwa, baleinière ikapanda upande mwingine, ikisimama kila kijiji.

Kesho yake asubuhi watu wa viti walikuja kuchukua viti vyao. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa nje na samaki wake kwenye sahani. Nikamweleza yote: mchungaji, shemeji na elisi, simu ya Salumu. Alicheka alipopaswa kucheka. Kisha akawa anatoa miiba.

"Ulipoenda," akasema, "nilisimama mu maji kusikiliza moteur. Nilisikia mpaka ikawa ndogo kama mbu. Kiisha sikusikia tena. Sasa miye najua namna gani kama imefika, ao kama imezimika tena mbele ya kona?"

Sikuwa nimefikiria hilo.

"Wavuvi bakaniita nikuje kula. Sikukula. Baleinière ilichelewa, tukahamia mu pori kando ya maji, nikakaa mu siti ya ndeke pale. Nilituma mutumbwi kwa Véronique, aniulizie kama umefika. Bakarudi bakasema hayuko, amekwenda mu matanga Kisangani." Akanitazama. "Hawakujua matanga ya nani."

Nikataka kushika mkono wake, lakini wangu ulikuwa na mafuta ya samaki.

"Huku mulikuwa munanililia batu wote hawa, na turubai, na chakula," akasema. "Wewe nilikulilia miye mumoja."

"Sikujua, mama."

"Ungejua namna gani? Ulikuwa naeleza batu."

Akanisogezea kipande kizuri, kile cha tumboni. Tukala, mpaka kijana wa viti alipokuja kusimama mbele yetu, akakohoa kwa heshima, akatuomba tuinuke, kwa sababu vilikuwa vimebaki viwili tu.